Cheni Haivutiki: Fizikia ya Cheni na Sproketi kwenye Vumbi la Ugalla

Ukipita kwa mafundi pikipiki pale Mpanda mjini, kuna sentensi utaisikia kabla hujamaliza mtaa: "Cheni yako imevutika." Mteja anainama, anaiona cheni inaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, anakubali. Hapo ndipo linakuja swali la pesa. Anunue cheni peke yake, au seti nzima, yaani cheni, sproketi ya mbele na sproketi ya nyuma?

Wengi huchagua cheni peke yake. Sproketi ni chuma kinene, zinaonekana bado zipo, na hela ya mfukoni haitoshi. Baada ya miezi michache wanarudi kwa fundi yule yule, na lawama zote zinaenda kwa cheni: "Siku hizi spea ni feki tu."

Feki zipo, hilo hatulibishii. Lakini mara nyingi cheni ile haikuwa na kosa. Ilifungwa kwenye sproketi zilizokwisha, na sproketi zikaitafuna. Ili uone kwa nini, inabidi kwanza tuachane na ile sentensi ya mwanzo, kwa sababu cheni ya pikipiki haivutiki. Inaliwa, tena inaliwa kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Kwa nini tunazungumzia Ugalla

Kwa msomaji asiyepafahamu: Mto Ugalla unapita kwenye misitu ya miombo ya magharibi mwa Tanzania, unaingia Mto Malagarasi, na maji yake yanaishia Ziwa Tanganyika. Sehemu ya bonde lake ilikuwa pori la akiba, na mwaka 2019 ikapandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Upande wa mkoa wa Katavi kuna vijiji, misitu ya hifadhi, mizinga ya nyuki, na sokwe wanaoishi kwenye miombo iliyo wazi na kavu kuliko misitu mingi tunayoihusisha na sokwe.

Njia nyingi huku ni za udongo. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba hivi, ni mchanga na vumbi. Masika ni tope na vijito vya kuvuka. Anayetembea humo anatumia miguu, baiskeli au pikipiki: mlina asali, afisa ugani, mhudumu wa afya, askari wa wanyamapori, mtafiti. Siku hizi pikipiki nyingi ni zile za kazi kutoka India na China, lakini bado utakutana na wazee wa porini, Honda XL 125 na Yamaha DT 125, ambazo zilinunuliwa na miradi au ofisi za serikali miaka mingi iliyopita na sasa ziko mkononi mwa mtu wa tatu au wa nne. Injini bado inanguruma na fremu bado nzima. Kitu kinachoisha na kuisha tena ni cheni na sproketi.

Sasa fikiria ikikatika kilomita 40 ndani ya pori, mtandao hakuna, na nyuma umembeba mgonjwa. Kwa hiyo swali la "cheni tu au seti" si la mafundi peke yao.

Ndani ya cheni kuna nini

Cheni ya pikipiki ni mtoto wa uvumbuzi wa mwaka 1880. Mhandisi Hans Renold, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Manchester, Uingereza, alitengeneza cheni yenye bushi na rola. Umbo lake la msingi halijabadilika sana hadi leo.

Chukua cheni kuukuu uiangalie kwa karibu. Utaona viungo vya aina mbili vinavyopokezana. Kiungo cha ndani kina pleti mbili zilizoshikwa na vibomba viwili vifupi, ambavyo ndivyo bushi. Juu ya kila bushi imevaa rola, kile kipete kinachozunguka na kukaa kati ya meno ya sproketi. Kiungo cha nje kina pleti mbili zilizoshikwa na pini mbili. Kila pini inapita ndani ya bushi ya jirani yake. Pini ikizunguka ndani ya bushi, cheni inapinda. Ni bawaba ya mlango tu, isipokuwa hapa una bawaba zaidi ya mia moja kwenye mstari mmoja.

Umbali kutoka pini moja hadi nyingine una jina kwa wahandisi, sisi tuuite hatua ya cheni. Cheni iliyozoeleka kwenye pikipiki ndogo ni namba 428. Ile namba si mapambo. Tarakimu 4 inasema hatua ni nane-nne za inchi, yaani nusu inchi au milimita 12.7. Tarakimu mbili za mwisho zinasema upana wa ndani. Cheni ya 420 ina hatua ile ile lakini ni nyembamba zaidi. Ya 520 ina hatua ya milimita 15.875. Kwa hiyo ukienda dukani, soma namba iliyogongwa kwenye pleti. Usikisie kwa macho.

Tunaposema cheni "imevutika", tunafikiri pleti zimerefuka kama mpira. Zingekuwa zimerefuka kweli, cheni ingekuwa karibu kukatika. Kinachotokea ni kwamba pini imelika upande mmoja na bushi imelika upande mmoja, nafasi kati yao imeongezeka kidogo, na hiyo "kidogo" imejirudia kwenye kila bawaba. Cheni ya viungo 118 ikiwa mpya ina urefu wa karibu mita 1.5. Kila bawaba ikipoteza robo milimita, ambayo ni kama karatasi mbili au tatu za daftari zikipangwa pamoja, cheni nzima inarefuka kwa milimita 30. Hakuna pleti hata moja iliyovutika hapo.

Hesabu ya kilomita moja

Wanafunzi wa fizikia, shikeni kalamu. Wengine msikimbie, ni kuzidisha na kugawanya tu.

Chukua pikipiki yenye sproketi ya mbele ya meno 15, ya nyuma meno 45, na cheni ya 428 yenye viungo 118. Tairi la nyuma lina mzunguko wa karibu mita 2. Ukienda kilomita moja, tairi linazunguka mara 500. Kila mzunguko unavuta viungo 45, kwa hiyo viungo 22,500 vinapita. Gawanya kwa 118: cheni nzima imezunguka mara 190 hivi kwa kilomita moja.

Kila mzunguko, kila bawaba inapinda ikiingia sproketi ya mbele, inanyooka ikitoka, inapinda tena ikiingia ya nyuma, inanyooka ikitoka. Ni misuguano minne. Mara 190, inakuwa 760 kwa kilomita.

Inapinda kwa kiasi gani? Gawanya nyuzi 360 kwa idadi ya meno. Mbele ni nyuzi 24, nyuma ni nyuzi 8 tu. Umeona sasa kwa nini sproketi ndogo ya mbele ndiyo inayoichosha cheni zaidi. Pini ya 428 ina nusu kipenyo cha milimita 2 na robo hivi, kwa hiyo kupinda nyuzi 24 kunamaanisha uso wa pini unateleza ndani ya bushi kwa karibu milimita moja. Ukijumlisha misuguano yote minne ni milimita 2.5 kwa kila mzunguko wa cheni. Zidisha mara 190: karibu nusu mita kwa kila kilomita.

Inaonekana ndogo. Lakini baada ya kilomita 10,000, kila pini ndogo kwenye cheni yako imejisugua ndani ya bushi yake umbali wa kama kilomita 5. Na nusu ya misuguano hiyo hutokea upande wa juu wa cheni, ule unaovuta mzigo.

Mzigo wenyewe ni kiasi gani? Tuseme pikipiki, dereva na ndoo za asali ni jumla ya kilo 250, na unapanda kilima cha nyuzi 10 chenye mchanga. Tairi linahitaji kusukuma kwa nguvu ya karibu nyutoni 500. Tairi lina nusu kipenyo cha sentimita 31, lakini sproketi ya nyuma ina sentimita 9 tu, kwa hiyo cheni inapaswa kuvuta zaidi ya mara tatu: karibu nyutoni 1,700. Ni sawa na kuning'iniza kilo 170 kwenye ile cheni, yaani karibu magunia mawili ya mahindi. Na kwa kuwa pini inagusa bushi kwenye eneo dogo sana, uzito wote huo unabanwa kwenye uso usiofikia ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo.

Mwaka 1953 mwanasayansi Mwingereza, John Archard, alichapisha kanuni ambayo bado tunaitumia kukadiria jinsi vitu vinavyolika. Kwa lugha ya kawaida inasema: kiasi cha chuma kinachoondoka huongezeka kadiri mzigo unavyoongezeka na kadiri umbali wa kusuguana unavyoongezeka, na hupungua kadiri chuma kinavyokuwa kigumu. Mzigo tumeuona. Umbali tumeuona. Imebaki ugumu, na hapo ndipo Ugalla inapoingia.

Mchanga unamshinda chuma

Watu wengi hushangaa wakiambiwa mchanga ni mgumu kuliko chuma. Si unaweza kuusaga kwa kisigino? Unaweza kuutawanya, ndiyo, lakini punje moja moja huisagi. Sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida ni madini ya kwazi, ambayo kwenye skeli ya Mohs ya ugumu yana namba 7. Tupa ya fundi, ambayo ni chuma kilichokazwa kwa moto, iko kwenye 6.5. Anayezidi namba ndiye anayemkwaruza mwenzake. Kwa hiyo punje ya kwazi ikiingia kati ya pini na bushi inaikata cheni, kidogo kidogo, mara 760 kwa kila kilomita.

Hapa oili ina kazi tofauti na tunavyodhani. Mwaka 1999 James Spicer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipima cheni za baiskeli maabara, wakakuta cheni inaweza kufikisha hadi asilimia 98.6 ya nguvu inayoingizwa. Cha kushangaza, kilainishi hakikuleta tofauti kubwa kwenye ufanisi huo. Mtu anaweza kusema, basi oili ya nini? Ni kwamba maabara haina vumbi, wala jaribio halichukui miaka. Oili ndani ya bushi inajaza nafasi ambayo vumbi lingeingia, inazuia kutu wakati wa masika, na inatenganisha chuma na chuma. Ukiwa Ugalla, unaweka oili ili cheni idumu, hata kama hutaona pikipiki ikienda kwa kasi zaidi.

Watengenezaji nao wanalijua hilo. Yamaha AG100, pikipiki iliyobuniwa kwa kazi za shambani, cheni yake yote imefungiwa ndani ya kava. Ukiipata ya zamani ambayo kava lake limetupwa "kwa sababu linapiga kelele", ujue kimetupwa kitu cha maana kuliko taa ya mbele.

Sproketi zinaingiaje kwenye kesi hii

Cheni mpya na sproketi mpya zinaelewana. Hatua ya cheni ni milimita 12.7, na nafasi kati ya meno zimekatwa kwa hatua hiyo hiyo. Rola zinakaa chini kabisa kwenye mabonde, na mzigo unagawanywa kwa meno mengi.

Cheni ikishalika kwa asilimia 2, hatua yake ya wastani inakuwa kama milimita 12.95. Haitoshei tena kwenye mabonde. Ili ienee inatafuta duara kubwa zaidi, na njia pekee ni kupanda juu ya meno. Kwenye sproketi ya nyuma ya meno 45, duara hilo lina nusu kipenyo cha milimita 91. Asilimia 2 yake ni karibu milimita 2. Rola sasa inasukuma jino karibu na ncha badala ya kwenye shina, na meno machache ndiyo yanayobeba mzigo wote. Jino linalika upande mmoja, linaanza kuinama kama ndoano.

Kwa hiyo cheni mbovu inaziumba upya sproketi, zifanane na ubovu wake. Zinazeeka pamoja, kama ndala na mguu wa mwenye ndala. Ndiyo maana cheni mbovu kwenye sproketi mbovu inaweza kutembea bila kelele, ukadhani mambo ni shwari.

Sasa vua ile cheni mbovu uweke mpya yenye hatua ya 12.7. Mabonde yameshachimbwa kwa ajili ya cheni ndefu zaidi. Rola za cheni mpya hazikai sawa, jino moja au mawili yanabeba kazi ya meno kumi, na zile ndoano zinaishika rola wakati inataka kutoka. Cheni mpya inapigwa na kuvutwa kwa namna ambayo haikutengenezewa. Hata ingekuwa cheni bora kabisa duniani, itakwisha haraka.

Kinyume chake nacho ni kibaya: sproketi mpya kwa cheni kuukuu. Cheni ndefu inaanza kupanda meno mapya tangu siku ya kwanza, na inayaharibu.

Sproketi ya mbele ndiyo inayotangulia kuisha. Kwa mfano wetu, kila jino la mbele linakamata rola mara 1,500 kwa kilomita, la nyuma mara 500. Na bahati mbaya ya mbele imefichwa chini ya kava la injini, kwa hiyo hakuna anayeichungulia.

Rudi kwenye pesa

Tuchukue bei za mfano tu, kila mtu aweke za dukani kwake. Cheni peke yake shilingi 20,000, seti nzima 45,000. Ukinunua cheni peke yake unaona umeokoa 25,000. Lakini tuseme seti ingekaa miezi 12, na cheni mpya juu ya sproketi mbovu inakaa miezi 4. Kwa mwaka umenunua cheni tatu, 60,000, na sproketi bado ni mbovu kuliko mwanzo. Hapo hatujahesabu ufundi, nauli ya kwenda Mpanda, wala siku za kazi zilizopotea.

Lakini mtu mwenye hela ndogo ana njia nyingine, na hii ndiyo nataka uibebe: wahi. Ukibadilisha cheni ikiwa imelika kidogo tu, chini ya asilimia 1, sproketi huwa bado hazijaharibika, na hapo kuweka cheni peke yake ni halali kabisa. Anayesubiri mpaka cheni ining'inie ndiye anayelazimika kununua vitu vitatu. Kama umeshachelewa na hela haijatimia, ni afadhali uendelee taratibu na vikuukuu vyote vitatu kwa safari fupi za karibu, huku ukikusanya za seti, kuliko kuingiza kipya kimoja kiharibiwe. Usiende nayo porini, wala usibebe mtu. Cheni ikikatika inaweza kujikunja kwenye sproketi ya mbele na kupasua kava la injini, au kulifunga tairi la nyuma ukiwa kwenye mwendo.

Pima mwenyewe, kwa rula ya shule

Kuna vipimo vitatu, na havihitaji duka.

Cha kwanza ni rula. Safisha kipande cha cheni, kikaze kwa mkono. Hesabu hatua 20, yaani kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Cheni mpya ya 428 itakupa milimita 254. Ukisoma 256 hadi 257, imefika asilimia 1, anza kupanga bajeti. Ukisoma 259, ni asilimia 2, imekwisha. Kama kitabu cha pikipiki yako kinatoa mpaka mwingine, fuata kitabu. Pima sehemu tatu tofauti, kwa sababu cheni hailiki sawasawa.

Cha pili ni kuvuta. Shika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi ya nyuma, ivute kuelekea kwako. Ikikaa palepale, vizuri. Ikiinuka mpaka unaona nusu ya jino, imekwisha.

Cha tatu ni kuangalia meno. Jino zima lina mabega mawili yanayofanana. Jino lililokwisha limeinama upande mmoja, au limechongoka kama mwiba. Na ufungue kava la mbele. Usiihukumu sproketi usiyoiona.

Ukipima, zima injini. Zungusha tairi kwa mkono. Kusafisha cheni huku injini inaunguruma kwenye gia ni njia ya haraka ya kupoteza kidole, kwa sababu cheni inakiingiza kidole kwenye meno kabla hujawahi kushtuka.

Siku ya kubadilisha

Fundi wako anajua kazi yake, lakini ukiwa na sababu za kila hatua utajua cha kuangalia.

Nati au bolti za sproketi ya mbele zilegezwe kabla cheni haijatolewa, mtu akiwa amekanyaga breki ya nyuma. Ukishatoa cheni, sproketi inazunguka bure na spana haina cha kushindana nacho.

Linganisha mpya na za zamani: namba ya cheni, idadi ya viungo, idadi ya meno, matundu ya bolti. Watu wengine huomba sproketi ya mbele ya meno 14 badala ya 15 ili pikipiki "iwe na nguvu" milimani. Inakuwa nayo kweli, karibu asilimia 7 zaidi kwenye tairi, na mwendo wa juu unapungua kwa kiasi hicho hicho. Lakini cheni sasa inapinda karibu nyuzi 26 badala ya 24, na inavutwa kwa nguvu zaidi. Italika haraka zaidi. Uamuzi ni wako, ila ujue unalipa kwa nini.

Loki ya cheni, kile kiungo kinachofunguka, ina kiklipu chenye mdomo wazi upande mmoja. Upande uliofungwa uelekee cheni inakokwenda, na mdomo utazame nyuma. Ukifungwa kinyume, jiwe au kijiti kikikigonga kinaweza kukitoa.

Kisha kaza, lakini usikaze sana. Hapa ndipo wengi wanapoua beringi za giaboksi. Tairi la nyuma linapanda na kushuka na shokapu, na umbali kati ya sproketi mbili unabadilika. Unakuwa mrefu kabisa pale sproketi ya mbele, egemeo la ule mkono unaoshika tairi, na ekseli vikiwa kwenye mstari mmoja. Cheni iliyokazwa "vizuri" pikipiki ikiwa tupu inaweza kuwa imebana kama uzi wa zeze ukishapakia watu wawili na mizigo. Kwa hiyo weka ulegevu ambao kitabu kinasema, kisha mkalishe mtu mzito juu yake, na uhakikishe cheni bado ina mchezo. Mwisho, alama za kukazia pande zote mbili za ekseli zilingane, la sivyo sproketi zinakaa upande na meno yanalika kwa ubavuni.

Kuifanya idumu

Paka oili mwisho wa safari, cheni ikiwa bado na joto, ili ipenye usiku kucha. Pakia upande wa ndani wa cheni, kwenye ile sehemu ya chini inayorudi nyuma, kwa sababu cheni ikizunguka oili inatupwa kuelekea nje na inapita kwenye viungo. Oili nzito ya gia, ile ya namba 80 au 90, inafaa. Baada ya dakika chache futa ya juu kwa tambara. Ya nje haikusaidii, inakusanya mchanga tu.

Grisi ni nzito mno, haiingii ndani ya bushi, na ikishachanganyika na vumbi inageuka dawa ya kusagia. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ni afadhali kuliko ukavu, lakini inakuja na masizi na chembe za chuma. Kusafisha tumia mafuta ya taa na brashi, si petroli, hasa kama cheni yako ni ile yenye vipete vya mpira. Na baada ya kuvuka maji, oili imekwenda. Usingoje Jumamosi.

Safari ya porini iwe na vitu viwili kwenye mfuko: loki ya akiba ya namba ya cheni yako, na koleo. Cheni ikiachia kwenye loki, kwa vitu hivyo viwili mgonjwa anaweza kuendelea na safari.

Wewe msomaji usiye na pikipiki, zoezi lako ni hili. Tafuta baiskeli yoyote ya jirani, mwombe ruhusa, chukua rula. Cheni yake nayo ina hatua ya milimita 12.7, kwa hiyo hatua 20 ni 254. Pima, andika, kisha muulize amebadilisha lini, na kama alibadilisha cheni peke yake.